Iringa kwa TZ 11: mto chini, mji juu

Ukija Iringa kwa basi, uwe umetoka Mbeya au umetoka Dar, kitu cha kwanza unachogundua ni kwamba hujafika. Unashushwa Ipogolo au kwenye stendi ya Igumbilo, kando ya barabara kuu, mto Ruaha Mdogo ukiwa jirani, na mji wenyewe uko juu ya ukingo, zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa mto. Hapo ndipo vijana wa bodaboda na bajaji wanakuzunguka, huyu kashika begi, yule kashika mkono: "Mjini, bro, mjini hapa!" Usipokuwa na hela, au ukiwa nayo ila una roho ngumu, unakaza kamba za viatu na kupanda mlima kwa TZ 11, yaani miguu miwili uliyopewa na Mungu.

Mimi ni mtu wa TZ 11. Sina gari, na kwa mshahara wa ripota wa gazeti huku mkoani sioni kama litakuja kesho. Mlima wa Ipogolo nimeupanda asubuhi ya Julai wakati baridi ya Iringa inauma masikio, nimeupanda mchana, nimeupanda mvua ikinyesha. Na kila ninapofika katikati nikisimama kuvuta pumzi swali linarudi: nani aliamua kwamba mji ukae kule juu, na kila kinacholeta watu mjini kipite huku chini? Jibu lake lina miaka zaidi ya 120, na limeandikwa na watu wa aina mbili tu, wanajeshi na wajenzi wa barabara. Sisi tunaotembea hatukuulizwa.

Tuanze kabla ya Iringa hii. Mji wa Wahehe ulikuwa Kalenga, kilomita 15 hivi magharibi ya hapa, kando ya mto huuhuu wa Ruaha Mdogo. Mkwawa aliujengea ngome, ikaitwa Lipuli. Neno Iringa lenyewe linatokana na "lilinga", ngome kwa Kihehe, kwa hiyo tukisema "naenda Iringa" tunasema "naenda ngomeni" bila kujua. Kalenga ilikuwa mji wa chini, karibu na maji na mashamba ya bondeni. Mtu alichota maji akarudi nyumbani bila kupanda mlima wowote. Kwa mtembea kwa miguu, huo ni mpango mzuri kuliko wowote uliofuata.

Wajerumani walikuja kwa miguu. Hili huwa tunalisahau tunaposimulia vita vya Lugalo. Tunataja bunduki na mikuki, hatutaji msafara. Kamanda Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alikuwa na maofisa wachache wa Kijerumani, askari zaidi ya 300, punda, mizinga, na wapagazi zaidi ya 100. Hebu fikiria kundi hilo kwenye njia ya kupita mtu mmoja mmoja, vichaka huku na huku. Mstari unakuwa mrefu mno, wa mbele hamwoni wa nyuma, mzinga umefungwa juu ya punda. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, mashariki ya Iringa ya leo, wapiganaji wa Kihehe walikuwa wamelala vichakani wakisubiri mstari huo uingie wote. Zelewski aliuawa na sehemu kubwa ya jeshi lake ikaisha kabla bunduki nyingi hazijalia. Mimi huwa nasema Lugalo ilikuwa ushindi wa watu wanaoijua njia dhidi ya watu wanaoipita njia. Mnara wa kumbukumbu upo hadi leo kando ya barabara ya kwenda Morogoro, na mabasi yanaupita kwa spidi.

Walirudi baada ya miaka mitatu. Gavana von Schele aliipiga Kalenga kwa mizinga na kuitwaa tarehe 30 Oktoba 1894. Wazee wa huku husema mizinga ilipigwa kutoka kilima cha Tosamaganga na ndiyo maana kikaitwa hivyo, kwa maana ya kutupa mawe. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya porini kwa karibu miaka minne, hadi alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 badala ya kukamatwa. Hayo mengine ya fuvu mnayajua.

Sasa hapa katikati ndipo mji wetu unapozaliwa. Mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince, Bwana Sakarani kwa jina la mtaani, alipewa kazi ya kuweka kituo cha jeshi katika nchi ambayo mtawala wake bado yuko porini na bunduki. Kalenga hakuitaka, akachagua ukingo huu wa juu, wenye mteremko mkali kuelekea mtoni, na kituo kikaitwa Iringa Mpya. Ukisimama leo kwenye jiwe la Gangilonga ukatazama chini unaelewa mara moja: anayekuja unamwona kabla hajakuona. Ni mahali pazuri pa kulinda. Pa kuishi ni habari nyingine, kwa sababu maji yako chini. Basi kuanzia siku hiyo ya kwanza palihitajika watu wa kupanda na kushuka, na hao hawakuwa maofisa.

Kila kitu cha Mzungu mjini hapa kilifika kichwani kwa mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, na kutoka pwani hadi huku ni safari ya wiki kadhaa. Risasi, unga, dawa, vitanda, vioo vya madirisha. Magdalene von Prince, mke wa Sakarani, aliishi hapa na baadaye akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1903, kwa hiyo maisha ya nyumba yake tunayajua. Waliobeba vyombo vya nyumba hiyo hawakuchapisha kitu. Boma lililojengwa mwaka 1900 kama hospitali ya jeshi bado limesimama, na tangu 2016 ni makumbusho. Nendeni mkalione, ni jengo zuri kwa kweli, kuta nene, baridi ndani. Ila mkiwa ndani mfikirie kwamba msumari na bati vilitembea.

Na kama hiyo haitoshi, ikaja vita ya kwanza ya dunia. Jeshi la Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasaland, likapita nyanda hizi na kuingia Iringa tarehe 29 Agosti 1916. Nyuma ya jeshi hilo walikuwepo tengatenga, wapagazi kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wengi kuliko askari wenyewe. Upande wa pwani wapagazi kama hao waliacha jina, ndiyo Kariakoo ya Dar mnayoijua, kutoka kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza. Huku kwetu hawakuacha hata jina la kichochoro. Walikufa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi.

Mwingereza alipokabidhiwa nchi, wazo lilikuwa reli. Mhandisi Clement Gillman, mtu aliyeanza kazi ya reli akiwa na Wajerumani akaendelea na Waingereza, alitoa mwaka 1929 ripoti ya upimaji wa reli ya kufungua kusini-magharibi ya Tanganyika. Mwaka huohuo uchumi wa dunia ukaanguka. Reli haikujengwa. Badala yake nyanda za juu zikapewa barabara ya vumbi na malori: ile barabara kuu ya kaskazini, iliyotoka Tunduma, ikapita Mbeya, ikaingia Iringa, ikashuka Mtera hadi Dodoma na kuendelea Arusha. Shirika la reli likaendesha mabasi na malori kwenye njia hiyo kuwaunganisha watu wa huku na treni ya Dodoma.

Angalieni jambo moja. Barabara hiyo ilipita mjini, juu. Kwa miaka hiyo yote uso wa Iringa ulitazama Dodoma, na aliyeshuka kwenye lori alishukia kati ya maduka ya Uhindini na soko. Mji wenyewe ulikuwa mdogo wa kutembeleka: kutoka Miomboni hadi Kitanzini, hadi Mshindo, hadi bomani, hakuna safari ya zaidi ya dakika 20. Makorongoni jina linajieleza, makorongo yalikuwepo, lakini njia za mkato nazo zilikuwepo. Ndiyo maana hadi leo katikati ya Iringa ni moja ya sehemu rahisi kabisa kutembea kwa miguu katika nchi hii, na nasema hivyo nikiwa nimetembea Mbeya pia.

Mbeya ni mtoto wa kizazi kingine. Ilianza mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa huko Chunya inavuta watu, na haikuwa na ngome wala mto wa kuulinda. Ilikua kufuata barabara, na leo imelala kama nyoka kutoka Uyole hadi Mbalizi. Mtu wa Uyole akiwa na shughuli Mbalizi hana habari ya kutembea, ni daladala tu, na barabara anayoivuka kwa miguu ndiyo hiyohiyo ya malori ya Zambia na Kongo. Julai 2018, kwenye mlima Iwambi, lori liligonga magari ya abiria na watu 20 wakafa. Kupanua barabara hiyo kuwa njia nne, kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kulitakiwa kufanyika siku nyingi.

Nirudi Iringa, kwa sababu hapa ndipo historia yenyewe inapopinda. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao wa kihuni. Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilipitia kwao, ikabaki inaning'inia. Malori ya mafuta yakaanza kutoka Dar kwenda Zambia kwa barabara ya vumbi iliyopita huku, matope masika, vumbi kiangazi, na madereva wa Kizungu wakaipa jina la njia ya kuzimu. Basi kati ya 1968 na 1973 ikajengwa barabara ya lami ya TANZAM, Wamarekani wakitoa sehemu kubwa ya fedha. Mlima Kitonga ukachongwa. Na ilipofika Iringa, wahandisi wakafanya kile ambacho mhandisi yeyote mwenye lori la tani nyingi kichwani angefanya: hawakuupanda ukingo. Wakafuata bonde, Ipogolo, kandokando ya mto, na kuuacha mji wa Sakarani ukitazama kwa juu.

TAZARA ikaja baadaye kidogo. Wachina walianza kujenga mwaka 1970, kazi ikakamilika 1975 na reli ikafunguliwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Hiyo ilipita bonde la Kilombero, ikatokea Makambako, ikaenda Mbeya. Iringa mjini haikupata stesheni. Kwa hiyo ndani ya miaka kumi mji huu ulipitwa mara mbili, chini ya kilima na lami, mbali kabisa na reli. Mbeya ikavipata vyote viwili. Watu wakiuliza kwa nini Mbeya ni jiji na Iringa ni manispaa, mimi huanzia hapo.

Miaka hiyo gari lilikuwa na maana yake. Lilimaanisha serikali. Desemba 25, 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu alimfuata mkulima Said Mwamwindi shambani kwake Ismani, katika mambo haya ya vijiji vya ujamaa. Yakatokea maneno, Mwamwindi akampiga risasi, akaupakia mwili kwenye gari la Mkuu wa Mkoa, akaliendesha mwenyewe hadi polisi Iringa kujisalimisha. Tukio hilo limeandikwa sana kwa upande wa ardhi na siasa, na ni sawa. Mimi hunibakia akilini ile safari ya Ismani hadi mjini. Watu wa njiani walioona gari la Mkuu wa Mkoa likipita lazima walisimama kwa heshima kama kawaida yao.

Halafu mafuta yakapanda bei mwaka 1973, na serikali ikaja na sheria ambayo wazee wakiisimulia vijana hatuamini: magari binafsi marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Bosi na karani wakakutana barabarani kwa miguu. Mzee mmoja wa Kihesa, nilipomwamkia na kumwuliza habari hizo, alicheka mpaka akakohoa. Anasema mzuri wa sheria ile ni kwamba Jumapili jioni ndiyo ilikuwa siku ya kuwajua wakubwa sura, maana siku nyingine walikuwa vioo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata hilo likakosa maana, kwani mafuta yenyewe hayakuwepo, wala matairi, wala vipuri, na marufuku ikawa ya kila siku bila kutangazwa.

Daladala zilihalalishwa Dar mwaka 1983, jina likitokana na dala, ile shilingi tano ya nauli. Huku kwetu zikaja kama Hiace, vipanya, na kazi yao kubwa Iringa tangu hapo ni ile ambayo ilikuwa ya wapagazi, kutoa watu mtoni na kuwapeleka juu. Kipanya kikijaa kwenye mlima ule utamsikia injini ikilia, konda kaning'inia mlangoni, na bibi wa dirishani anasali kimoyomoyo. Kisha zikaja pikipiki za Kichina, na mwaka 2010 serikali ikatunga kanuni za kuzipa leseni za kubeba abiria. Bodaboda ndizo zilizoushinda mlima. Wanaozisema vibaya, na mimi nimeandika habari zao za ajali nyingi tu, wakumbuke kwamba kabla yake mjamzito wa Ndiuka usiku alikuwa na chaguo moja.

Lakini bodaboda ina bei. Mwezi uliopita nilipanda mlima nikiwa nyuma ya mama mmoja mwenye beseni la mchicha kichwani. Nikamwamkia, akaitikia, "Kamwene, mwanangu", tukaongozana. Yeye hupanda kila siku isipokuwa Jumapili. Zamani, anasema, wateja wake walikuwa wasafiri pale stendi ya zamani mjini, anauza, anamaliza saa 4, anashuka. Stendi ilipohamia Igumbilo wasafiri wakaenda na stendi, na huko ni mbali na kwake kuliko sokoni. Bodaboda? Akanipigia hesabu hapohapo bila kusimama: kwenda tu ingekula mafungu manne. Hakuwa analalamika, alikuwa ananieleza kama mwalimu anavyomweleza mtoto mgumu wa hesabu.

Na ukimsikiliza unaona kwamba tumerudia jambo lilelile la 1968. Stendi imewekwa Igumbilo kwa sababu ni kwema kwa basi. Basi halipandi mlima, halikwami Miomboni, halipotezi dakika. Yote kweli, na msongamano wa stendi ya zamani ulikuwa wa kuchosha, siutetei. Lakini dakika alizookoa dereva wa basi hazikupotea hewani, amepewa abiria azilipe kwa nauli ya pili, na asiye na nauli ya pili azilipe kwa magoti. Kila uamuzi mkubwa wa usafiri katika mji huu, kuanzia Sakarani, umemrahisishia aliye na chombo na kumwachia mlima asiye nacho. Kilichonishangaza ni jinsi kilivyo kidogo anachodai mtembeaji. Kijia cha pembeni cha upana wa watu wawili, kilichotenganishwa na magari. Ngazi chache za mawe kwenye zile njia za mkato ambazo watu wanazipanda tayari, masika yakija wanateleza. Taa. Na wenye viwanja wasizizibe kwa kuta hizo njia, maana nyingine zimezibwa tayari, unafika unakuta geti na mbwa.

Barabara ya Dodoma nayo sasa ni lami, kilomita 260, ilizinduliwa 2018, kwa hiyo Iringa imerudishiwa ule uso wake wa zamani wa kaskazini. Magari yanayokuja kwa njia hiyo yanaingilia Kihesa, kule juu, kama malori ya enzi za Mwingereza. Sijaona bado mpango wowote unaotumia bahati hiyo.

Kwa wanaotaka kuijua njia yenyewe kwa miguu, ushauri wangu ni kuanza na Kalenga. Tokeni mjini asubuhi mapema, fuateni barabara inayoelekea hifadhi ya Ruaha, ni kilomita 15, na mtakutana na baiskeli zilizopakia mkaa zikija mjini, mwenye baiskeli anasukuma hajapanda. Mkifika ulizeni makumbusho, kila mtoto anapajua. Fuvu la Mkwawa lipo, lilirudishwa na Gavana Twining mwaka 1954 na kukabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Mkimaliza teremkeni hadi mtoni. Kurudi kuna vipanya, ila cha mwisho msikisubiri mpaka giza, hujaa.